Jahazi Lililotoka Katika Takataka

Jirani yangu alikuwa na mtamba mzuri, amekaribia kuzaa. Mtamba akaacha kula, tumbo likavimba, akafa. Tulipompasua tuliona tumboni donge la mifuko ya plastiki na kamba za naironi. Alizila pamoja na majani, nasi ndio tuliozitupa.

Wakulima, jambo hili husemwa barazani mara nyingi, lakini maneno husahauliwa upesi. Kitu kilichoonwa kwa macho hakisahauliki. Basi sikilizeni habari ya mafundi wa Lamu.

Mwaka wa 2018 mafundi hao, wakiongozwa na Bwana Ali Skanda, walimaliza kuunda jahazi la plastiki tupu, urefu wake mita 9. Takataka kiasi cha tani 10 zilisagwa, zikayeyushwa, zikatiwa katika kalibu, zikawa mkuku, mataruma na mbao. Mafundi wakaziunganisha kwa ujuzi ule ule wa kuunda majahazi ya miti. Ubavuni wakapiga malapa makuukuu ya rangi zote, kama 30,000. Jahazi likaitwa Flipflopi. Mwaka wa 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, kama kilometa 500, na mwaka wa 2021 likatembea Ziwa Viktoria. Lilipotia nanga watu walikuja kulitazama, na hapo wakafundishwa habari za takataka.

Msidhani hayo ni ya watu wa pwani tu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka wa 2017, lakini mingi ya zamani ingali udongoni, na jembe huifukua. Mvua huichukua mpaka mtoni, na mto huipeleka ziwani au baharini.

Nasi twaweza kufanya kwa kadiri yetu. Watoto wa shule waokote mifuko, vifuniko na kamba, watengeneze ng'ombe wa fito, tumbo lake liwe wazi, limejaa plastiki. Awekwe penye baraza au maonyesho. Mzee akiuliza, "Huyu ana nini?" mtoto atamjibu.

Lakini angalieni haya. Chupa za dawa za mimea zisiguswe na watoto kamwe. Mkulima mwenyewe azisuuze mara tatu, maji hayo ayatie katika bomba la kunyunyizia, kisha azitoboe na kuziweka mbali. Plastiki isichomwe, maana moshi wake ni sumu. Na maonyesho yakiisha, ng'ombe huyo asitupwe malishoni, asije akamwua ng'ombe wa kweli.