Shaba na Sauti ya Atomu

Wenyeji wa Kolwezi walijua vema jiwe la kijani litoalo shaba. Lakini huko iendako shaba hiyo hufanya nini? Nyaya, tutajibu. Iko na kazi nyingine.

Wataalamu huvichungua vitu kwa sumaku kali: kiini cha atomu huyajibu mawimbi ya redio, ila kwa sauti hafifu mno. Mwaka 1953 Mmarekani Albert Overhauser aliwaza kwamba elektroni, iliyo sumaku yenye nguvu mara 660 hivi kuliko kiini cha haidrojeni, yaweza kukigawia nguvu hiyo ikichochewa. Wakubwa walisita, Carver na Slichter wakathibitisha mwaka uleule.

Katika sumaku kubwa za leo huhitajiwa mawimbi yatetemekayo hata mara bilioni 263 kwa sekunde. Huyatoa jairotroni, ambamo elektroni huzunguka mbio ndani ya mwanzi wa shaba safi. (Yamkini ni ya Kolwezi, nani aitambuaye ikishayeyushwa?)

Kwa njia hiyo wataalamu huchungua hata utando unaojijenga ndani ya betri za lithiamu, nyingi zikiwa na kobalti. Nazo betri zisizo na kobalti zimekwisha kupatikana; habari hiyo yawahusu wachimbaji wa Kolwezi kuliko sisi tuandikao.