Mgombea anayeahidi hijabu anawania kiti gani?

Tarehe 22 Juni 2014, Shule ya Upili ya St Paul's Kiwanjani mjini Isiolo ilikuwa na mkutano wa wazazi na sherehe ya kutoa zawadi. Kwa maelezo yaliyofikishwa mahakamani, naibu gavana, wakati huo Mohamed Guleid, aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuongeza hijabu na suruali nyeupe kwenye sare yao. Lilikuwa ombi, si amri. Likaja kupita katika mahakama tatu.

Shule hiyo ni ya umma, lakini mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini kazi ya kulea wanafunzi kiroho, na papo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Ni sentensi moja, ila jukwaani kila mgombea huikata pale panapomfaa.

Kanisa lilikwenda Mahakama Kuu, Meru, kupinga hijabu hiyo, likashinda Machi 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaligeuza shauri: kanuni ya sare inaweza kuonekana sawa kwa wote, na bado ikamlemea mtoto ambaye dini yake inamtaka ajisitiri. Halafu, 24 Januari 2019, Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo. Sababu ndiyo wengi wasiyoitazama. Mzazi aliyedai hijabu aliingia kama mhusika tu katika kesi iliyofunguliwa na wengine, kisha akaleta dai lake humo humo. Majaji wengi walisema hiyo si njia, na anayetaka haki hiyo aanze upya Mahakama Kuu. Jaji Jackton Ojwang alipinga. Kwa hiyo anayesema Mahakama ya Juu ilitamka kuwa hijabu si haki anakosea, na anayesema iliitambua anakosea vilevile.

Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, suala hili halitakosa kurudi Isiolo. Kwanza tazama kiti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mgombea ugavana anayeahidi hijabu sekondari anagawa mali ya jirani. Mwakilishi wadi ndiyo kabisa.

Anayewania ubunge ana la kujibu. Anaweza kuleta mswada wa kurekebisha sheria ya 2013, useme bayana ni lini bodi ya shule inawajibika kumruhusu mwanafunzi avae vazi la dini yake, nani ataamua wakivutana, na mzazi akikataliwa akate rufaa wapi. Afrika Kusini, mahakama yake ya katiba iliamua mwaka 2007 kwamba msichana mwenye asili ya Kihindi aruhusiwe kipini cha puani shuleni Durban. Huko waliamua majaji; wabunge wetu hawahitaji kuwangoja.

Binafsi ningemuuliza mgombea kama huyo swali moja kabla ya kumpigia makofi: mswada wako unamhudumia pia mtoto wa Akorino na kilemba chake, na Msabato aliyepangiwa mtihani Jumamosi? Kama hapana, Kifungu cha 27 cha Katiba kinachokataza ubaguzi kinamngoja kabla hata wino haujakauka.