Makadirio ya Kelele za Ndege: Kwa Nini Mwananchi Ayafahamu Kabla ya Kujenga

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anayenunua kiwanja karibu na uwanja wa ndege huuliza bei, maji, umeme na barabara. Swali moja husahaulika: miaka ishirini ijayo, ni ndege ngapi zitapita juu ya nyumba hiyo, na saa ngapi?

Swali hilo lina uzito jijini Dodoma, ambako Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato Oktoba 30, 2022. Njia yake ya kurukia na kutua ndege imesanifiwa kuwa na urefu wa kilomita 3.6. Uwanja wa zamani umezungukwa na mji, lakini Msalato iko nje ya kitovu cha jiji, hivyo nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi mapema ni kubwa zaidi. Hata hivyo, utulivu wa eneo kabla ya ndege kuwa nyingi si kipimo cha hali ya baadaye.

Kwa kuwa ndege za kesho haziwezi kupimwa kwa kipima sauti leo, wataalamu hutumia makadirio. Huhitaji taarifa kuu nne: idadi ya safari zinazotarajiwa, aina za ndege, njia zitakazofuatwa kulingana na mwelekeo wa upepo, na saa za kuruka na kutua. Programu ya kompyuta hujumlisha sauti ya kila safari na kuchora mistari ya kontua inayounganisha maeneo yenye wastani sawa wa kelele.

Usomaji wa ramani hiyo unahitaji uangalifu. Safari za ndege za aina ileile zikiongezeka maradufu, wastani hupanda kwa desibeli 3 tu. Tarakimu hiyo ni ndogo, ilhali mkazi atasikia ndege mara mbili zaidi kila siku. Aidha, katika kipimo kinachotumika Marekani, kila safari ya kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi huongezewa desibeli 10. Kwa hesabu hiyo, ndege moja ya usiku ni sawa na kumi za mchana.

Vilevile, kuwa nje ya mstari si kuwa mahali pasipo kelele. Marekani hutumia wastani wa desibeli 65 kama kigezo cha makazi, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya wa mwaka 2018 unapendekeza kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima na 40 usiku.

Makadirio yanaweza kukosea. Ndege mpya huwa na sauti ndogo kuliko za zamani, lakini safari zinaweza kuongezeka kuliko ilivyotarajiwa. Ndiyo maana huandaliwa makadirio ya viwango tofauti vya ukuaji, na kuhuishwa kila hali inapobadilika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya utekelezaji. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga nalo linahimiza mipango ya ardhi, sambamba na ndege zenye sauti ndogo, taratibu bora za urukaji na vizuizi vya safari. Mipango ya ardhi hugharimu kidogo zaidi kabla nyumba hazijajengwa; baada ya hapo, hatua zinazobaki ni fidia, kuhamisha watu au kupunguza safari.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kiwanja, mwananchi afike ofisi ya ardhi ya halmashauri kuona mchoro wa mipango miji na matumizi yaliyoidhinishwa. Akionyeshwa ramani ya kelele, aulize mambo mawili: imekadiria hali ya mwaka gani, na imehesabu safari ngapi za usiku?