Tezi Ndogo Iliyo Juu ya Figo

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na ametujulisha kwamba kila maradhi yana dawa.

Huku kwetu Makere, wilayani Kasulu, kijana akisumbuliwa na presha, dawa za kawaida zikashindwa, na miguu ikalegea hata kuinuka ikawa taabu, huenda watu wakanong'ona kuwa amerogwa. Tujihadhari na dhana hiyo. Pengine adui si jirani. Yumo ndani ya mwili.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Miongoni mwa kazi zake ni kutoa aldosteroni, inayoiamuru figo kuhifadhi chumvi. Ikizidi kiasi, chumvi na maji hujaa mwilini, presha hupanda, na madini ya potasiamu huweza kupotea katika mkojo. Ndipo misuli hulegea. Tabibu Jerome Conn wa Michigan, Marekani, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1955.

Wengi hutibiwa kwa tembe za spironolaktoni, au, ikiwa tezi moja tu ndiyo yenye ila, kwa kuiondoa kwa upasuaji. Lakini wapo matabibu, wakiwamo wa Japani na China, wanaoifikia pasipo kupasua tumbo. Mpira mwembamba huingizwa katika mshipa wa paja au wa mkono, ukaongozwa kwa eksirei mpaka kwenye mshipa unaoilisha tezi, kisha spiriti kali hutiwa humo kuiua sehemu mbovu. Mipira ya namna hiyo hutumika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwa maradhi ya moyo. Kwa tezi hii, njia hiyo bado ni ngeni. Wala tezi zote mbili haziuawi ovyo, kwani asiye nazo hutumia dawa maisha yake yote.

Muislamu atauliza: spiriti si ulevi? Mtume (s.a.w.) alikataza kunywa ulevi kwa nia ya dawa. Hapa haitiwi ili inywewe, bali iunguze nyama ya tezi. Mwenye shaka na amwulize mwanachuoni, wala asiyakimbie matibabu kwa kudhani.

Basi enyi wazazi, wapelekeni watu wenu wapimwe presha. Isiposhuka kwa dawa, mwombeni tabibu achunguze aldosteroni na potasiamu. Wala mgonjwa asiache tembe zake kwa shauri lake mwenyewe. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.