"Futa ile, haiko sauti yangu": kwa nini tunaogopa kazi yetu wenyewe

Karibu kila mtu anayekaa mbele ya mikro yetu kwa mara ya kwanza anafanya kitu kimoja. Anaimba, ao anatoa hadithi, ao anasoma mashairi aliyoandika kwenye daftari la shule. Anamaliza, anacheka, anashukuru. Kisha fundi wa sauti anamsikilizisha kile alichorekodi, na uso unabadilika.

"Ile haiko sauti yangu. Futa."

Nimesikia maneno hayo kwa vijana wa rap, kwa walimu, kwa wazee wa hadithi ambao usiku kwenye moto hakuna anayeweza kuwanyamazisha. Mimi pia niliyasema. Siku niliposikia mara ya kwanza sauti yangu ikisoma habari nilidhani mashini iko mbovu. Fundi alicheka tu, akaniambia hata yeye ilimpata.

Mashini haikuwa mbovu. Ukisema, sauti yako inakufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa: inatoka mdomoni, inazunguka, inaingia masikioni, sawa vile inavyoingia kwa mtu mwingine. Njia ya pili ni mifupa ya kichwa. Koo inatikisika, mifupa nayo inatikisika, na mtikisiko huo unafika ndani ya sikio bila kupita nje. Mifupa inapitisha vizuri zaidi sauti nzito. Ndiyo maana wewe unajisikia una sauti nene, yenye kujaa. Mikro haina mifupa yako, inachukua ya hewa peke yake. Kama unabisha, ziba masikio yote mawili kwa vidole, useme jina lako. Utasikia sauti nzito iko ndani ya kichwa: ile ndiyo ya mifupa.

Kwa hiyo ile sauti unayoikataa ndiyo ile ambayo mama yako, bwana yako, watoto wako na jirani wanaijua tangu zamani. Wote wameizoea. Mgeni wake ni wewe peke yako.

Ninaanza na mambo ya sauti kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Lakini anayeandika, anayechonga, anayeshona nguo za mtindo wake, anayechora kwenye ukuta wa duka, wote wananieleza kitu kinachofanana. Kichwani kazi ilikuwa imejaa. Ikitoka nje, inaonekana nyembamba. Na kuna kitu kingine kinachoongeza uzito: masikio yetu ni ya zamani kuliko koo yetu. Kijana wa hapa Niemba amesikiliza nyimbo za Franco, za Papa Wemba, za vijana wa leo, maelfu kwa maelfu tangu tumboni mwa mama yake. Yeye mwenyewe ameimba kwenye mikro mara mbili. Sikio lake ni mzee, koo lake ni mtoto mchanga, basi mzee anamcheka mtoto. Mimi naona kule kuumia kunaonyesha kwamba sikio liko zima. Mtu ambaye hana sikio anasikiliza kazi yake ya kwanza na anafurahi tu.

Halafu kuna shaka la pili, na hili ni letu watu wa vijijini. "Ya Niemba iko nini?" Treni inapita, watu wanakwenda Kalemie ao Kabalo, na tumezoea kwamba kitu kizuri kinashuka kutoka mahali pengine: Kinshasa, Lubumbashi, Nairobi. Nikisikia hivyo nafikiri juu ya mchongaji wa Buli. Mto Lukuga unaotoka ziwani Kalemie unaishia kwenye Lualaba, na kule upande wa Buli, katika karne ya 19, kulikuwa fundi aliyechonga viti vya wafalme na sanamu za wanawake wenye kushika bakuli. Wachongaji wengine wa Baluba walipenda sura za duara, laini. Yeye alichonga sura ndefu, nyembamba, yenye mifupa ya mashavu kutokeza, kama ya mtu aliyeona mengi. Miaka mingi baadaye mtaalamu Mbelgiji, Frans Olbrechts, akapanga vitu hivyo pamoja na kuona vinatoka kwenye mkono mmoja, ao karakana moja. Wakati huo Wazungu wengi walikuwa wanasema sanaa yetu ni ya kabila tu, haina mtu. Leo kazi za Buli ziko Tervuren, ziko New York. Zilitambulikana kwa ile sura ambayo haikufanana na za wenzake.

Niende mbali kidogo, Zanzibar, kwa sababu kuna mama mmoja ambaye kila mwimbaji wa Kiswahili anadaiwa kumjua. Siti binti Saad alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, katika ukoo wa watumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na mtoto alivibeba kwenda kuviuza, akivitangaza kwa sauti njiani. Hakusoma shule. Mwaka 1911 akahamia mjini, akiwa mtu mzima wa miaka kama 30, akajifunza muziki kwa watu waliokuwa wanaujua. Muziki wa taarab wakati huo ulikuwa wa majumba ya wakubwa, na uliimbwa kwa Kiarabu. Yeye akauleta kwenye Kiswahili. Watu hawakukosa kumcheka: anatoka shamba, ni muuza vyungu, sura yake si nzuri, bila ile sauti angekuwa nani? Walimtungia mpaka wimbo. Naye akajibu kwa wimbo.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ikamchukua yeye na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi santuri. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na santuri zake zilisikilizwa pwani yote. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika kitabu juu ya maisha yake. Lakini mimi kinachonigusa ni hesabu ndogo: kutoka 1911 mpaka 1928 ni miaka 17. Miaka 17 ya kuimba kwenye vyumba vya watu, kukosea, kurudilia, na wenzake wa kikundi wakimsikia kila mara. Bombay ilimkuta koo lake limeshafikia sikio lake.

Karibu zaidi na sisi kuna Jean-Bosco Mwenda, mwana wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930. Hugh Tracey, yule aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwenda alikuwa na miaka 22 na gita. Alipiga kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, mtindo wa vijana wa Katanga. Mwalimu wa gita wa Ulaya angeweza kumwambia vidole vingine vimelala. Tracey akarekodi "Masanga", ikaenda mbali, na wapiga gita wa Kenya na Uganda wakakaa kutafuta namna ya kufanya vidole vyao viwili vifanye vile. Mwenda mwenyewe hakuacha kazi ya kawaida ya kulisha jamaa. Nalisema kwa ajili ya wale wanaofikiri kwamba bila kuwa staa hakuna maana ya kuendelea.

Sasa mtu atauliza: basi nifanye nini? Sina dawa. Naweza tu kusema kile nimeona kikisaidia hapa studio. Kwanza, usihukumu kazi siku ile ile. Siku ile bado unasikia ile ya kichwani, na ile ya nje itashindwa tu. Ipe siku chache, irudi kwako kama ya mtu mwingine. Pili, tafuta sikio moja tu, mtu anayekupenda lakini haogopi kukuudhi, na usimuulize "iko muzuri?" maana atasema ndiyo, ni heshima. Umuulize: "Ulichoka wapi?" Hapo atakuonyesha mahali.

Na nisidanganye: mara nyingine shaka inasema kweli. Sauti iliyopotea njia imepotea. Hadithi ndefu ni ndefu. Ila shaka zenyewe haziko sawa. Moja inasema "ule mstari wa pili ulikimbia", na hiyo ni mfanyakazi mwenzako, mpe kiti. Ingine inasema "wewe si mtu wa kuimba", haionyeshi mstari wowote, haina kazi inayokupa. Mimi nimejifunza kuiuliza hiyo ya pili: mstari gani? Mara nyingi inanyamaza.

Nimechelewa kueleza kwa nini naandika haya. Kuna mama mmoja aliyekuja kwetu wakati watu walikuwa wanakimbia vijiji, ile miaka ya vita kati ya ndugu zetu Batwa na Baluba. Alikuwa anajua nyimbo za kubembeleza mtoto alizozipata kwa bibi yake, nyimbo ambazo sikuwahi kuzisikia kwa mtu mwingine. Alituimbia tatu. Nikamsikilizisha. Akaweka mkono mdomoni, akasema, "Mwanangu, futa, hii ni sauti ya mzee." Kadi ya mashini ilikuwa ndogo, na saa kumi nilikuwa na mahojiano. Nilimwambia, "Sawa, mama." Nikafuta.

Alikufa. Binti yake akafika studio na fulashi mkononi, akaniuliza kama tumechunga sauti ya mama, hata kidogo, hata kama ni mbaya. Alikuwa na mtoto mgongoni. Nikamwambia hatuna. Hakukasirika, na hilo ndilo linanisumbua mpaka leo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "futa", naandika jina na tarehe, naweka pembeni, namwomba arudi baada ya juma moja. Akirudi na neno lile lile, ni haki yake, nafuta mbele ya macho yake. Wengi wanarudi. Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye gita ya kujitengenezea, sanduku la mbao na nyaya za breki, alirudi Jumamosi asubuhi. Alisikiliza wimbo wake mpaka mwisho bila kusema neno, kichwa chini. Kisha akaomba nimrudishie kati kati.

"Yaya," akasema, "mstari wa tatu hauko sawa. Tuurudilie."

Fundi akafunga dirisha kwa sababu ya kelele ya kinu cha jirani, tukaurudilia.