Sifuri ya Bunduki na Mshuko wa Risasi katika Michezo ya Uwindaji

Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka kwenye mdomo wa mtutu. Jambo hilo huwashangaza wachezaji wengi wa michezo ya kompyuta, kwa kuwa michezo mingi ya kivita imewazoesha bunduki inayopiga papo hapo mahali ilipoelekezwa: programu huchora mstari mnyoofu kutoka kwenye jicho la mchezaji, ikatafuta kitu cha kwanza kinachokutana na mstari huo, na kukihesabu kuwa kimepigwa bila muda wowote kupita. Mchezo wa theHunter: Call of the Wild, uliotolewa mwaka 2017 na studio ya Expansive Worlds ya Uswidi, haukuridhika na njia hiyo ya mkato. Humo risasi ni kitu chenye mahali pake, kasi yake na muda wake wa kusafiri, na muda huo ndio chanzo cha matatizo yote ya mlengaji.

Ikichukuliwa risasi inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, na ukinzani wa hewa ukiwekwa kando kwa ajili ya kurahisisha hesabu, itafika mita 100 baada ya sekunde 0.125, nayo itakuwa imeshuka takriban sentimita 8 chini ya mstari wa mtutu, yaani mstari ambao ingeufuata kama dunia isingeivuta. Kwenye mita 200 mshuko huo unafika sentimita 31, na kwenye mita 300 ni sentimita 69. Umbali umeongezeka mara tatu, lakini mshuko umeongezeka mara tisa, kwa sababu mshuko hufuata mraba wa muda. Hewa halisi huizidishia hali hiyo ubaya, kwani huipunguza kasi risasi kadiri inavyokwenda, na hivyo kila mita ya mwisho huchukua muda mrefu kuliko ile ya mwanzo.

Dawa ya tatizo hili ni kuweka sifuri, yaani kuirekebisha darubini ili mstari wa jicho ukutane na njia ya risasi kwenye umbali uliochaguliwa. Mstari wa jicho ni mnyoofu, ilhali njia ya risasi ni tao, na darubini yenyewe hukaa sentimita kadhaa juu ya mtutu. Kwa hiyo mtutu hulazimika kuinuliwa kidogo kuliko darubini ili risasi ipande kabla ya kushuka. Bunduki ya mfano uliotangulia, ikiwa darubini yake iko sentimita 5 juu ya mtutu na sifuri yake imewekwa kwenye mita 150, risasi yake hukutana na mstari wa jicho mara mbili: kwanza ikiwa inapanda, kwenye mita 44 hivi, kisha ikiwa inashuka, kwenye mita 150. Katikati ya hapo huwa juu ya mstari huo kwa sentimita 2 tu, tofauti ambayo hakuna mnyama atakayenufaika nayo. Baada ya mita 150 mambo hubadilika upesi, na kwenye mita 300 risasi hiyohiyo hupita karibu sentimita 30 chini ya msalaba wa darubini.

Katika mchezo huu mchezaji huanza na sifuri iliyowekwa na watengenezaji, na baadaye tu, akiisha kujipatia alama za ustadi, ndipo anaporuhusiwa kuchagua sifuri ya karibu, ya kati au ya mbali. Wengi hudhani kwamba sifuri ya mbali ni bora kwa kuwa inafika mbali, na hapo ndipo wanapopoteza wanyama. Bunduki ya mfano ikiwekewa sifuri ya mita 300, risasi yake hupita karibu sentimita 15 juu ya msalaba kwenye mita 150, kiasi cha kutosha kuyakosa mapafu ya tandala mdogo katika hifadhi ya Vurhonga Savanna, iliyoongezwa kwenye mchezo mwaka 2018, hata kama mchezaji alilenga kwa utulivu kabisa. Kuweka sifuri, basi, hakuondoi kosa. Humpa mlengaji uhuru wa kuchagua kosa lake likae wapi. Eneo la moyo na mapafu likikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 20, sifuri ya mita 150 humwezesha mchezaji kulenga katikati yake moja kwa moja, bila kuinua wala kushusha bunduki, hadi mita 220 hivi. Mwindaji mwenye busara hutafuta eneo hilo la usalama kwanza, na masafa marefu huyafikiria baadaye.

Ndani ya kompyuta kazi hii ina ugumu wake. Mchezo unaochora picha 60 kwa sekunde, ukihesabu mwendo mara moja kwa kila picha, huisogeza risasi ya mfano zaidi ya mita 13 kwa hatua moja. Kama programu ingechunguza tu mahali risasi ilipo katika kila hatua, ingeweza kumruka nyati mzima bila kumgusa. Kwa sababu hiyo programu za aina hii huchunguza kipande chote cha njia kati ya hatua mbili. Mnyama akishapatikana, mchezo humwonyesha mchezaji mkondo wa risasi mwilini na viungo ilivyovipitia, somo la ulengaji ambalo porini hupatikana kwa kisu tu.

Si kila kanuni ya maumbile imeingizwa, na uteuzi huo ni wa makusudi. Upepo katika mchezo huu hubeba harufu ya mwindaji na kumtahadharisha mnyama, lakini hauisukumi risasi pembeni. Mvutano wa dunia, kwa upande wake, huleta mtego ambao wachezaji huutambua wakiwa wamechelewa: anayempiga mnyama aliye bondeni kwa pembe ya nyuzi 30, kipima masafa kikisoma mita 300, anapaswa kuhesabu mshuko wa umbali wa mita 260 hivi, kwa sababu ni umbali wa mlalo ndio unaotumika katika hesabu, na akiinua bunduki kwa kiasi kinachofaa umbali wa mita 300 kamili, risasi itapita juu ya mahali alipokusudia.