Fanya Juu Isisafiri Peke Yake

Upande wa mashariki wa Birmingham, Uingereza, ukilima bustani baada ya mvua, jembe hutoka na bonge jekundu la mfinyanzi. Upande wa magharibi, ng'ambo ya ufa wa miamba unaokatiza jiji, udongo una kichanga zaidi na maji hupenya upesi. Jiji ni moja, lakini kanuni moja ya kilimo haiwatoshi wakulima wa bustani zake za kukodi.

Nakumbuka jambo hilo kila Mwafrika Mashariki wa hapa anaponionyesha video ya shamba la kigeni na kuuliza, "Niwatumie nyumbani?"

Chukua mfano wa fanya juu, mbinu ya kuhifadhi udongo ya Machakos, Kenya. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata kontua, yaani mstari wa mwinuko ulio sawa, na udongo huutupa upande wa juu. Tuta linalopatikana hupandwa majani ya mifugo ili lishikamane. Mvua inyeshapo, udongo uliosombwa hunaswa hapo, na baada ya miaka mteremko hugeuka ngazi.

Serikali ya kikoloni iliwahi kuwalazimisha Wakamba, wenyeji wa huko, kuchimba matuta, wakachukia. Fanya juu ilienea baadaye kwa sababu wakulima wenyewe waliona faida yake. Mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Leo jina hilo la Kiswahili limo katika hazina ya WOCAT, mtandao wa kimataifa wa hifadhi ya ardhi ulioanzishwa mwaka 1992. Fomu zake huuliza mbinu yenyewe, kisha huuliza mteremko, udongo, mvua, gharama na nguvu kazi. Hapo ndipo penye thamani. Machakos mvua ni chache, hivyo kila tone huzuiwa. Katika mfinyanzi wa Birmingham, mtaro kama huo ungetuamisha maji kwenye mizizi. Kinachofaa kote ni msingi wake: punguza kasi ya maji, funika udongo.

Basi ndugu yangu, kabla ya kutuma video, andika chini yake mambo manne: udongo gani, mteremko kiasi gani, mvua kiasi gani, na kazi ya watu wangapi. Kisha waombe waijaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha shamba.